Fomu ya Kupenda Wafo

Nchi yenyewe ipo, ila msijichoshe kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zote zilikusanywa na serikali ili zisahihishwe, na mpaka leo zinasahihishwa. Ni nchi nzuri. Ina milima miwili, ziwa moja, mawaziri sabini na wanne, na Rais ambaye wananchi humpenda kwa mujibu wa sheria.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, nyuma ya soko la mitumba, aliishi mkaanga vitumbua mmoja aitwaye Siwema. Kwa miaka kumi na minane alikaa mbele ya kikaango chake chenye mashimo, akimimina, akigeuza, akiopoa, na hakuna kiongozi yeyote aliyewahi kuuliza habari zake. Mumewe, Mwalimu Shomvi, alifundisha darasa la nne. Huyu Mwalimu alikuwa mtu wa kusema kweli mpaka inakera. Ukimwuliza habari za asubuhi alikueleza moja baada ya nyingine. Tena hakuna alichokula bila pilipili. Uji alitia pilipili, embe alipaka pilipili, na vitumbua vyake Siwema alivikaanga kando, akavimwagia pilipili ya kusaga, naye akavila huku jasho likimtiririka na mdomo ukishukuru.

Jumanne moja asubuhi magari manne meusi yalisimama mbele ya kikaango. Wakashuka watu tisa wenye suti.

"Ndiwe Siwema?"

"Ndimi. Leseni yangu iko ndani, nikawaletee?"

"Hatukuja kwa leseni. Ingia garini."

Siwema alimgeukia jirani yake, Bi Mgeni, mjane aliyeuza mkaa kibanda cha pili. "Bi Mgeni, nitazamie unga wangu. Na Baba Zena akirudi shule mwambie nimechukuliwa, lakini sijui kwa nini."

"Nenda tu, mwanangu," alisema Bi Mgeni. "Hata wao huenda hawajui."

Sababu ilikuwepo, na ilikuwa nzito. Rais alikuwa amerudi kutoka safari ya nje, ya thelathini na moja kwa mwaka ule, na huko ugenini alilishwa wafo. Wafo ni mkate laini unaookwa katikati ya vyuma viwili, ukatoka na vishimo vya mraba kama madirisha ya ghorofa. Wenye nao humwagia juu kitu wakipendacho: huyu matunda, yule siagi, mwingine jibini na yai, kila mtu na lake, na hakuna anayefungwa. Rais aliula kwa asali. Aliposhuka kwenye ndege alihutubia kwa saa mbili akiwa juu ya zulia. "Nimekula wafo," alisema, na bendi ya polisi ikapiga.

Alirudi na vyuma kumi na moja vya kuokea. Mpishi wa kwanza wa Ikulu aliunguza, akafukuzwa kazi. Wa pili aligandisha mkate kwenye chuma hata wakaitwa mafundi wa jeshi kuubandua. Huyo akateuliwa balozi. Ndipo mshauri mmoja wa Rais, msomi sana, alipotoa hoja kwamba wafo una mashimo na vitumbua hutoka kwenye mashimo, hivyo mtaalamu anayetafutwa yuko sokoni.

Siwema alikitazama kile chuma, akakinusa, akatia tone la unga, akasikiliza.

"Hiki hakijapata moto," alisema. "Na hamkukipaka mafuta."

Washauri sita waliandika maneno hayo kwenye madaftari. Baada ya dakika kumi wafo ulitoka mwekundu kama ngozi ya muuza duka aliyenenepa, ukawekwa kwenye sinia, ukamiminiwa asali. Rais alikula, akatikisa kichwa mara moja. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilianza na kile kichwa, kilivyotikiswa na maana yake. Tangu siku hiyo Siwema akawa mpishi wa wafo wa Ikulu, akienda asubuhi na kurudi kwake jioni.

*

Wiki haikuisha, ikaundwa Wizara ya Mapendeleo Binafsi. Alipewa Mheshimiwa Ngwatu, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Ukame na aliifanya kazi hiyo kwa mafanikio makubwa. Siku ya kuizindua wizara alisimama uwanjani, akapangusa kipaza sauti kwa leso.

"Ndugu wananchi! Mapendeleo binafsi ni jambo nyeti mno kuachiwa mtu binafsi! Tangu tupate uhuru, taifa hili limekuwa likipenda ovyo. Huyu anapenda hiki, jirani yake anapenda kile. Je, huo ni umoja?"

"Siyooo!" walijibu wananchi walioletwa kwa malori.

"Nani anajua kinachofaa kupendwa?"

Hapo wananchi walinyamaza, maana jibu hilo hawakulifanyia mazoezi. Waziri akajijibu mwenyewe, akapigiwa makofi.

Kisha zikatoka fomu. Kila mtu mzima alitakiwa kufika ofisi ya kata yake na kutia saini karatasi iliyosema: *Mimi fulani, nikiwa na akili timamu na bila kushulutishwa na mtu yeyote, napenda wafo na* . . . na pale penye pengo palikwisha kujazwa neno ASALI kwa herufi kubwa, ili kumwondolea mwananchi usumbufu.

Wafo wenyewe hawakuwahi kuuona. Vyuma vilikuwa kumi na moja, na vyote viko Ikulu. Kata moja mzee wa watu alinyoosha mkono akauliza, "Samahani, wafo ndiyo nini?" Alipata wiki mbili kwa kosa la kuuliza. Asali nayo ilikwisha mwezi wa kwanza, kwa sababu kila ofisi ilitakiwa kuwa na chupa mezani, karibu na picha. Mkuu wa mkoa mmoja aliwapa nyuki siku saba. Walipokaidi, wizara ikayeyusha sukari guru, ikaiweka kwenye chupa za asali, na wataalamu wakathibitisha kwamba ndiyo asali halisi, ile ya zamani ilikuwa mzaha.

Mwalimu Shomvi alikwenda kata siku ya Alhamisi, kati ya kipindi cha hesabu na cha maarifa ya jamii. Karani aliyekuwa mezani, Bwana Sudi, alimsogezea fomu na kidau cha wino wa dole gumba. Mwalimu aliisoma yote. Kisha akachomoa mfukoni kalamu nyekundu ya kusahihishia, akakata neno ASALI, akaandika juu yake *pilipili*. Akarudi mstari wa juu, akalizungushia duara neno *kushulutishwa*, akaandika pembeni: *kushurutishwa*.

"Mwalimu, hapo hapajazwi," alisema karani. "Pameshajazwa."

"Pamejazwa vibaya. Si mmesema bila kushurutishwa? Mimi asali inanipa kiungulia."

"Kwani umewahi kula wafo?"

"Sijawahi. Wewe je?"

Bwana Sudi aliangalia dirishani. "Mimi ni mtumishi wa serikali," alijibu.

Mwalimu alikamatwa kipindi cha maarifa ya jamii, mbele ya darasa, wakati akifundisha haki za raia. Siwema aliporudi kutoka Ikulu alimkuta Bi Mgeni amekaa kizingitini.

"Wamemchukua, mwanangu. Wamemchukua pamoja na kalamu yake."

*

Wakosaji wa aina ya Mwalimu walipelekwa Kituo cha Kurekebisha Ladha, ambako walinyweshwa kijiko cha sukari guru asubuhi, mchana na jioni, na kila baada ya kijiko waliulizwa kama wameanza kupenda. Siwema alikwenda wizarani, akakaa kwenye benchi siku tatu baada ya kazi. Siku ya nne Mheshimiwa Ngwatu alimpokea, kwa kuwa alisikia ni mtu wa Ikulu.

"Mama yangu, nakuelewa," alisema Waziri, na kweli uso wake ulionyesha kuelewa. Aliufanyia kazi sana. "Hata mimi nina kaka yangu mule ndani. Alipenda ndizi."

"Na hukumtoa?"

"Ningemtoaje? Mimi ndiye niliyemripoti."

Siwema alimkodolea macho. Alikuwa amebeba kifurushi cha shati safi na sabuni ya Mwalimu, akakishika kwa mikono miwili, maana aliogopa mkono mmoja ukibaki wazi utafanya kitu.

"Mheshimiwa, mume wangu ana miaka hamsini na tatu. Hajaiba. Hajamtukana mtu. Ameulizwa anapenda nini, akasema."

"Hilo ndilo tatizo, mama. Kusema." Waziri akabonyeza kengele, na mkutano ukaisha.

Asubuhi iliyofuata Siwema alikoroga unga wa Rais huku macho yamejaa maji, na badala ya sukari akatia vijiko vitano vya chumvi. Mwonjaji rasmi alionja, akakunja uso mpaka masikio yakasogea, kisha akatia saini kwamba chakula hakina sumu. Ladha haikuwa kwenye idara yake. Sinia likapelekwa. Siwema alilamba mwiko, akajua alichofanya. Alishika meza akasubiri askari.

Akaja mhudumu. "Mtukufu anasema leo umepatia kuliko siku zote."

Siwema aliketi kwenye gunia la unga. Kilichompanda hakikuwa nafuu. Ilikuwa hasira, na hasira ile ilikuja na wazo.

Siku ya pili yake alisaga pilipili kichaa kumi na mbili, akazichanganya na ile asali ya serikali, akazimimina juu ya wafo hadi kila kishimo kikajaa. Mwonjaji alionja, akatoka nje akikimbia, akarudi, akatia saini. Hakuna sumu.

Mara hii Siwema aliitwa.

Rais alikuwa peke yake kwenye meza ndefu ya watu hamsini. Alikuwa mdogo kuliko picha zake. Jasho lilimtoka, machozi yalimtoka, na alikuwa akijigusa mashavu kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Mama," alisema, "umetia nini humu? Uso wangu unawaka."

"Pilipili, Mtukufu."

"Pilipili." Alilitamka kama jina la mtu aliyesoma naye. "Na jana?"

"Jana ilikuwa chumvi. Nilikosea."

"Sikujua." Akaweka uma mezani. "Ulimi wangu ulikufa zamani, mama. Nilipata homa mwaka ule wa mapinduzi, yale ya kwangu. Tangu hapo nakula kama mtu anayetafuna gazeti. Hakuna anayejua, na wewe hujui."

"Sasa asali, Mtukufu? Si ndiyo unayoipenda?"

Rais alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Kule ugenini alikuja mhudumu, akauliza napenda nimwagiwe nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Nikanyoosha kidole kwenye bakuli lililokuwa karibu. Kwamba ni asali nilisikia kwenye taarifa ya habari."

Siwema alitaka kumhurumia. Alijipekua, akakuta huruma haimo. Moyoni alikuwa amebakiwa na yule mzee aliyefungwa kwa kuuliza swali, na kaka wa Waziri, na mumewe.

"Kwa kidole hicho, Mtukufu, mume wangu yuko ndani mwezi sasa."

"Kafanya nini?"

"Anapenda pilipili."

"Anapenda kweli? Yeye anaisikia?"

"Anaisikia."

Rais alipangusa machozi kwa kitambaa cha meza. "Na mimi leo nimesikia kitu," alisema polepole. "Si ladha. Lakini ni kitu. Miaka kumi na tisa sijasikia kitu."

Siwema alingoja aseme neno jingine, hata moja tu, juu ya wale watu. Rais alivuta sinia, akaendelea kula.

*

Saa saba mchana wa siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba taifa linapenda pilipili. Mheshimiwa Ngwatu alifafanua kwa waandishi: "Serikali haijabadili msimamo. Serikali imeuendeleza msimamo ule ule hadi upande wake wa pili." Chupa za asali ziliondolewa mezani kabla ya saa nane. Fomu mpya zilichapwa, PILIPILI kwa herufi kubwa, na neno *kushulutishwa* likiwa vile vile.

Siwema alitunukiwa nishani ambayo hairuhusiwi kuvaliwa mbele ya watu, akapigwa marufuku kukanyaga Ikulu. Hakujali. Mwalimu alikuwa ametolewa.

Alikwenda kumpokea na shati lake safi, lakini hakumfikia. Mwalimu alipandishwa moja kwa moja kwenye gari la wazi, amekonda, meno meusi kwa sukari guru, akapelekwa uwanjani kushangiliwa na watu wale wale wa malori. Waziri alimkumbatia mbele ya kamera. Akatangazwa Mpenda Pilipili wa Kwanza wa Taifa, na papo hapo akateuliwa Kamishna wa Mapendeleo wa wilaya yao, mwenye gari, dereva, na mamlaka ya kuweka watu ndani.

Usiku wa kwanza alilia, Siwema akamfuta. Wiki ya kwanza aliona haya kuingia ofisini. Wiki ya pili alidai kiti kirefu zaidi. Wiki ya tatu alisema, "Mama Zena, mbele ya dereva usiniite Baba Zena." Na Siwema, aliyekuwa anageuza vitumbua, alimtazama akashindwa kujua amjibu yupi kati ya wawili aliowaona ndani yake.

Mwezi wa pili Kamishna alisahau karatasi juu ya kitanda. Ilikuwa orodha ya watu kumi na wanne wa kukamatwa kwa kupenda vibaya. La sita lilikuwa jina la Bi Mgeni. Sahihi ya chini Siwema aliifahamu. Alikuwa ameiona miaka yote kwenye ripoti za wanafunzi.

Alikimbia hadi kibanda cha mkaa. Kilikuwa kimefungwa.

Mumewe aliporudi kula mchana alimsimamisha mlangoni.

"Umemfunga Bi Mgeni."

"Sikumfunga mimi. Ni utaratibu." Kamishna alivua kofia. "Aliletewa fomu akagoma kuisaini. Akasema mwaka huu huu aliapishwa asali, na yeye haapi mara mbili."

"Na tumbo lake lina vidonda, unajua. Pilipili haili hata kwa kuota."

"Hakuna anayemlisha. Anatakiwa kupenda tu."

"Baba Zena! Ulipokuwa ndani, nani alinipikia? Nani alikaa na mimi kwenye kizingiti hiki?"

Kwa muda mfupi uso wa Mwalimu ukarudi kuwa ule wa zamani, ule wa mtu mwenye kalamu nyekundu, na Siwema akasogea hatua moja. Kisha nje gari likapiga honi.

"Mapendeleo ni jambo nyeti, mke wangu," alisema Kamishna, akavaa kofia yake.

*

Siwema alifunga vitumbua kumi kwenye karatasi, akaenda ofisi ya kata. Waliokamatwa walikuwa wamewekwa stoo, pamoja na mafagio na viti vilivyovunjika, na kwenye mlango wa wavu alimwona Bi Mgeni amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametulia kama yuko kwake.

"Mama Kamishna," karani Sudi alisimama haraka, "karibu. Ila nawe hujajaza fomu mpya. Ningekuja nyumbani, nikaona haya."

"Lete."

Siwema aliichukua. *Mimi fulani, nikiwa na akili timamu na bila kushulutishwa na mtu yeyote, napenda wafo na PILIPILI.* Aliwapikia wafo zaidi ya mia moja na hakuna aliyewahi kumwonjesha, zaidi ya ule unga alioulamba kwenye mwiko. Aliishika kalamu. Neno PILIPILI hakuligusa. Alirudi nyuma kidogo, akalikata neno *napenda*, akaandika *sipendi*.

Bwana Sudi aliisoma mara tatu.

"Mama, hii haimo."

"Haimo kwenye nini?"

"Kwenye sheria." Akatoa kitabu cha wizara, kinene, akaanza kufungua kurasa kwa kidole kilicholowana mate. "Kupenda kisichoruhusiwa, kifungo. Kupenda viwili kwa pamoja, kifungo na faini. Kupenda kimoyomoyo, onyo. Kugoma kusaini, kifungo. Kutopenda . . ." Alifika ukurasa wa mwisho, akakigeuza kitabu kuangalia jalada. "Kutopenda wafo hakumo. Hawakufikiria."

"Na mimi nimesaini."

"Umesaini."

"Basi sina kosa?"

"Huna," alisema Bwana Sudi, naye akashangaa alivyojisikia kulisema.

"Na hao waliomo stoo?"

Alirudi kwenye kitabu. "Ibara ya tisa. Mwenye kushikiliwa anaweza kurekebisha tamko lake mara moja."

Siwema alimpelekea Bi Mgeni kalamu na fomu kupitia wavuni. Bi Mgeni aliuliza neno linaandikwaje, akaandikishwa herufi moja moja, akasaini. Bwana Sudi akafungua kufuli, kwa kuwa ibara ilisema hivyo. Bi Mgeni alitoka akijikung'uta gauni, akachukua kitumbua kimoja, akakila pale pale amesimama, kikavu, bila kitu chochote juu.

Waliobaki stoo walianza kuita: na mimi! Nje, watu waliokuwa wakisubiri kwa unyonge kwenda kupenda pilipili waliuliza kuna nini, wakaambiwa, wakaambiana. Mwuza mitumba akaja. Akaja mwalimu mkuu wa shule. Wakaja wawili waliotumwa na wizara kuchunguza, wakachunguza, wakajipanga. Ilipofika saa tisa foleni ilikuwa imezunguka jengo, na Bwana Sudi amelegeza tai, anagonga mhuri kwa mikono miwili.

Gari la Kamishna lilisimama kwa vumbi. Mwalimu Shomvi alishuka, akasukuma watu kwa fimbo yake ya cheo mpaka akafika mezani, akamkuta mkewe amekaa pembeni ya karani, akiwaonyesha wasiojua kusoma neno la kukata.

"Siwema!" Sauti yake ilipanda. "Nini hiki? Mimi ni Kamishna hapa!"

Siwema alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akachukua fomu moja, akamwekea mkononi.

"Sawa, Kamishna," alisema. "Foleni inaanzia kule nyuma."